Karakana ya Wasomaji: Seti Sita za Aina Moja, Mabehewa Sita Tofauti

Barua za toleo hili zimetoka miji minne, lakini zote zinazunguka jambo moja: namna ya kubadilisha seti ya plastiki ya kuunda mfano mdogo wa behewa funge la mizigo, yaani lile lenye paa na milango ya ubavuni, ili mabehewa yaliyotoka katika kalibu moja yasionekane kama nakala. Tumeanza na barua ambayo jibu lake ni refu kuliko mengine, kwa kuwa majibu yanayofuata yanalitegemea.

SWALI
Ndugu Mhariri, nilinunua kwa mkupuo mmoja seti sita za behewa funge la tani 12 la kampuni ya reli ya LNER, za skeli ya 1:76 (yaani ndogo mara 76 kuliko behewa halisi), kwa sababu muuzaji alinipunguzia bei. Mawili nimekwisha kuyaunda kwa kufuata maelekezo, na nilipoyaweka relini nikaona hakuna cha kuyatofautisha isipokuwa namba. Reli yangu inaonyesha stesheni ndogo ya mashariki mwa Uingereza katikati ya miaka ya 1950. Je, manne yaliyobaki niyafanyie nini?
— Msomaji, Leicester

JIBU
Ndugu msomaji, hayo mawili yaache kama yalivyo. Treni halisi ya mizigo ya wakati huo ilikuwa na mabehewa mengi yaliyofanana, na mjenzi anayebadilisha kila kitu katika kila behewa huishia kuwa na gwaride la mambo ya ajabu, si treni. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba kila badiliko liwe na sababu ambayo mfanyakazi wa karakana ya reli wa mwaka 1955 angeweza kukueleza: hili lilifungwa breki mpya, lile lilivunjika ubao likatiwa mwingine, na lile halijaguswa na brashi ya rangi tangu kampuni yake ilipokoma. Ukikosa sababu, acha.

Sababu hizo zipo nyingi. LNER iliundwa mwaka 1923 kwa kuunganisha kampuni za zamani, na tarehe 1 Januari 1948 mali yake yote iliingia katika shirika la taifa, British Railways. Behewa lililojengwa katika miaka ya 1930 lilikuwa, kufikia wakati wa stesheni yako, limekwisha kutumika miaka ishirini hivi chini ya wenyewe wawili, limepita katika vita, na limetengenezwa katika karakana ambazo hazikuwa na desturi moja. Zaidi ya hayo, mabehewa ya kawaida ya mizigo yalikuwa yakitumiwa kwa ushirika, kwa hiyo behewa la LNER lingeweza kukaa wiki kadhaa magharibi ya mbali, na la kampuni ya magharibi likafika kwenye stesheni yako bila mtu kushangaa. Hilo linanipa ushauri wa kwanza, ambao hauhitaji kisu wala gundi: ukipata mtu wa kubadilishana naye, mpe seti moja au mbili kati ya nne na uchukue za kampuni nyingine za reli za wakati huo, yaani LMS, Great Western au Southern. Behewa la Southern peke yake, kwa lile paa lake la mviringo wa juu unaojulikana ukiwa mbali, litafanya kazi ambayo saa nyingi za kukwangua plastiki haziwezi kuifanya.

Nikichukulia kwamba utabaki na zote sita, anzia juu. Wajenzi wengi huanza na mbao za ubavuni kwa kuwa ndizo zinazoonekana kwenye picha za vitabuni, ilhali picha hizo zilipigwa na mtu aliyesimama chini kando ya reli. Sisi hutazama reli za mfano tukiwa tumeziinamia, na kinachotufikia kwanza machoni ni paa. Paa la behewa la aina hii lilikuwa la mbao zilizofunikwa kwa turubai na kupakwa rangi. Lilitoka karakanani likiwa jeupe au la kijivu chepesi, na moshi wa injini za makaa ukaligeuza kuwa la kijivu kizito au karibu jeusi. Mabehewa manne yanaweza kuwa na paa nne zisizofanana bila kukata kitu chochote. Moja lipake kijivu chepesi, kana kwamba limetoka kutengenezwa mwezi uliopita. Jingine liwe jeusi lenye vumbi. La tatu lifunike kwa karatasi nyembamba ya shashi, uilowanishe kwa kiyeyushi cha plastiki ili ishike na kuacha ule mparuzo wa turubai. La nne libandike kiraka cha mstatili cha karatasi hiyohiyo upande mmoja, rangi yake ikiwa tofauti kidogo na ya paa lenyewe. Kazi yote ni ya jioni moja, na nusu ya tatizo lako itakuwa imekwisha.

Baada ya paa, shuka moja kwa moja hadi chini, kwenye breki. Hapa ndipo penye tofauti kubwa zaidi ya kihistoria kati ya mabehewa yenye mwili mmoja. Mengine yalikuwa na breki za mkono tu, yaani yalisimamishwa na mtu aliyekanyaga au kuvuta mkono mrefu uliokuwa ubavuni, na mengine yalikuwa na breki za vakyumu zilizoendeshwa kutoka kwenye injini. Behewa la breki za mkono linahitaji kidogo sana: mara nyingi viatu viwili vya breki vilivyo upande mmoja tu, na mkono wa breki kila upande. La vakyumu linahitaji viatu pande zote mbili, silinda chini ya sakafu, na bomba la mpira linaloning'inia kila mwisho wa behewa. Seti nyingi huleta vipande vya namna zote mbili, na vilivyobaki huishia kwenye kopo. Kabla hujanunua chochote, lifungue kopo lako. Bomba la vakyumu la plastiki kwa kawaida ni nene mno, kwa hiyo ni bora ulikunje kwa waya laini wa shaba wenye unene wa milimita 0.45 na kuuzungushia waya mwembamba zaidi sehemu ya mpira.

Mkono wa breki usiuweke popote unapopenda. Kanuni za serikali ya Uingereza za mwaka 1911 zilitaka behewa liweze kufungwa breki kutoka upande wowote, na mkono uwe mwisho wa kulia wa anayelitazama behewa, bila kujali amesimama upande gani. Mfumo uliotumika sana kutimiza hilo, ule wa Morton, una kifaa kidogo cha kugeuza mwendo kwenye mhimili wa breki, kwa sababu ukivuta mikono miwili iliyo pande mbili tofauti, mmoja husukuma mhimili mbele na mwingine huurudisha nyuma. Katika skeli yako kifaa hicho ni nundu ndogo tu ya plastiki, lakini mkono wa breki ulio kushoto utaonekana na kila anayejua.

Bafa nazo, yaani vile vipokea mgongano vilivyo kila mwisho wa behewa, hufuata breki. Behewa la breki za mkono kwa desturi lilikuwa na bafa za futi 1 na inchi 6, na la vakyumu futi 1 na inchi 8 na nusu. Katika skeli ya 1:76 hizo ni milimita 6 na milimita 6.8. Haifiki hata milimita moja, lakini ukiyasimamisha mabehewa mawili yakigusana utaiona. Pia angalia umbali kati ya ekseli. Behewa la futi 9 lina milimita 36 na la futi 10 lina milimita 40, ilhali mwili wa yote mawili ni ule ule wa futi 17 na inchi 6, yaani milimita 70. Mabehewa ya vakyumu yalihitaji futi 10 ili yatembee kwa utulivu katika mwendo wa kasi, na yale yaliyoruhusiwa kufungwa kwenye treni za abiria yaliandikwa XP ubavuni. Usijaribu kuisogeza ekseli kwa kukata chesisi uliyo nayo. Watengenezaji kadhaa wa seti huuza chesisi peke yake, na muda utakaookoa unazidi bei yake.

Kwa hiyo seti yako ya tatu iunde kama behewa la breki za mkono, kijivu. Ya nne iwe na historia: lilijengwa kwa breki za mkono, kisha British Railways ikalifunga vakyumu. Mwili wake uwe mzee, wenye ubao mmoja au miwili iliyotiwa upya, na chini yake kuwe na bafa ndefu na bomba jipya. Ubao uliotiwa upya hauhitaji ufundi mkubwa: kwangua kidogo mifereji ya juu na chini yake ili iwe mipana, na uupake rangi iliyo tofauti kidogo na ya wenzake. Rangi yenyewe hufuata breki pia, maana chini ya British Railways la vakyumu lilipakwa rangi ya boksiti, yaani hudhurungi yenye wekundu, na la mkono likapakwa kijivu. Boksiti ya kopo moja ikitumika kwa mabehewa yote huua kila juhudi uliyoifanya. Katika kila behewa ongeza tone la rangi nyingine, mara nyeupe, mara hudhurungi nyeusi, na usijaribu kukumbuka uliongeza kiasi gani.

Ya tano igeuze kuwa ya plaiwudi, kama tutakavyoeleza katika jibu linalofuata. Ya sita ndiyo ningeifurahia zaidi kama ingekuwa yangu: iondoe chesisi kabisa. Miili ya mabehewa yaliyochoka iliuzwa kwa wakulima au ikabaki stesheni kama stoo ya taa, mafuta na zana, ikiwa imekalia magogo ya reli yaliyozeeka. Mwili bila magurudumu, rangi yake ikiwa imepauka hadi mbao kuonekana, mlango mmoja umeachwa wazi kidogo, na majani yamepanda pembeni, utaipa stesheni yako uhai kuliko behewa la sita katika treni. Chesisi itakayobaki itakupa bafa, viatu vya breki na masanduku ya ekseli ya kutumia katika seti ya tatu na ya nne, na magurudumu pia, ambayo hayana haja ya kufanana. Behewa lililopitia karakana lingeweza kuwa na ekseli moja yenye magurudumu ya spoku na nyingine yenye magurudumu bapa.

Kuhusu maandishi, British Railways iliweka herufi E mbele ya namba za mabehewa iliyoyarithi kutoka LNER. LNER yenyewe iliacha herufi kubwa za NE mwaka 1937 na kuanza kutumia ndogo zilizosogezwa kona ya chini kushoto. Katika miaka yako unaweza kuwa na behewa moja lililopakwa kiraka cha rangi mpya mahali pa namba tu, huku pengine pote rangi ya LNER ikiwa imechakaa. Usifanye hivyo kwa zaidi ya moja.

SWALI
Mhariri, nina seti ya behewa lenye mbavu za mbao. Nimeona katika picha kwamba katika miaka ya 1940 LNER ilijenga pia mabehewa yenye mbavu za plaiwudi, huku kuta za mwisho zikiwa zilezile za chuma chenye migongo. Je, nizibe mifereji ya mbao kwa puti na kuisugua, au kuna njia bora zaidi?
— Msomaji, Nairobi

JIBU
Puti iache. Mifereji ni mingi na myembamba, puti hunywea inapokauka, na baada ya kupaka rangi utaiona mistari ile ile uliyotaka kuificha, safari hii ikiwa hafifu na mibaya. Njia ninayoipendekeza ni kupunguza unene wa ubavu kwa msasa, kisha kuuvalisha karatasi nyembamba ya plastiki.

Fanya kazi hiyo kabla hujaunganisha kuta. Kwanza piga picha ya ubavu au uuchore, ukionyesha kila kipande cha chuma, kila bawaba na kila ribiti, kwa sababu baada ya nusu saa vyote vitakuwa vumbi. Kwa wembe wenye makali bapa kama patasi, kata vipande vinavyotokeza na kuhifadhi vinavyofaa kurudishwa, hasa komeo za mlango. Kisha gundisha karatasi ya msasa juu ya kioo na uusugue ubavu juu yake kwa mwendo wa duara, ukiugeuza mara kwa mara ili usichakae upande mmoja, mpaka mifereji ikaribie kutoweka. Unalenga kuondoa takriban milimita 0.25, ambao ndio unene wa karatasi ya plastiki utakayoibandika. Ukiruka hatua hii, ubavu utatokeza mbele ya kuta za mwisho na mbele ya chesisi, na kosa hilo halifichiki kwa rangi.

Wakati wa kubandika, adui ni mvuke wa kiyeyushi. Ukipaka kiyeyushi uso mzima na kuifunika karatasi, mvuke hukosa pa kutokea, plastiki nyembamba hulainika, na baada ya wiki chache uso unakuwa na mabonde. Kwa hiyo toboa ubavu wa zamani matundu ya milimita 1 kila baada ya sentimita moja hivi, weka karatasi mpya juu yake, tia kiyeyushi kwa brashi kidogo kidogo kupitia kingo na kupitia matundu hayo kutoka ndani, kisha kilaze kipande chote chini ya kitu kizito na bapa hadi siku ya pili. Kata karatasi ikiwa kubwa kidogo kuliko inavyotakiwa, uipunguze kwa tupa baada ya kukauka. Ni rahisi kuliko kujaribu kuipanga sawasawa ikiwa imelowa.

Sasa rudisha vyuma vya wima kwa kutumia vipande vyembamba vya plastiki vya upana wa milimita 1, ukipima nafasi zake kutoka kwenye picha ya behewa halisi, wala si kutoka kwenye mchoro wa ubavu wa mbao, maana mpangilio wa vyuma hivyo haukuwa mmoja. Ribiti hutengenezwa kwa kubonyeza kwa sindano butu upande wa nyuma wa karatasi ya plastiki iliyo nyembamba zaidi, juu ya kadibodi laini, kabla ya kukata vipande. Panga nafasi kwa rula ya chuma na ubonyeze kwa nguvu ileile kila mara. Ribiti zikikushinda, ni afadhali kuacha uso mtupu kuliko kuweka safu iliyopinda.

Ukitaka kujaribu mkono kwanza, badilisha milango peke yake. Mabehewa mengi yaliyojengwa na British Railways yenyewe katika miaka ya 1950 yalikuwa na mbavu za mbao na milango ya plaiwudi, kwa hiyo kama una seti ya aina hiyo iliyoletwa ikiwa ya mbao tupu, mlango wa plaiwudi utatosha kuipa sura nyingine, na kazi ni robo ya ile ya ubavu mzima.

SWALI
Bwana Mhariri, salamu. Nimekulia karibu na stesheni ya Mombasa, na mabehewa ninayoyakumbuka ni ya East African Railways, si ya Uingereza. Seti za mabehewa yetu sizioni madukani. Je, inawezekana kuigeuza seti ya Kiingereza iwe behewa letu?
— Msomaji, Mombasa

JIBU
Salamu tumezipokea, mzee wetu, na jibu ni kwamba inawezekana, lakini kitakachobaki cha seti ya Kiingereza ni kidogo kuliko unavyodhani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ni ya geji (upana kati ya reli mbili) ya mita moja, na hesabu ya geji ndiyo inayoamua skeli. Reli ya mfano ya milimita 16.5 inayouzwa kila mahali, ukiichukua katika skeli ya 1:76, inawakilisha takriban milimita 1,257, ambayo si geji ya Uingereza wala ya kwetu. Waingereza wameizoea tu. Ukihamia skeli ya 1:87 na kutumia reli ya milimita 12, unapata milimita 1,044, tofauti ambayo macho hayaigundui. Reli hiyohiyo itafaa pia kwa TAZARA, ambayo geji yake ni milimita 1,067, na zile za milimita 16.5 utaziweka akiba kwa ajili ya SGR, ile reli mpya ya geji pana, kwa sababu milimita 1,435 zikigawanywa kwa 87 hutoa karibu 16.5 kamili.

Sasa itazame seti ya Kiingereza kana kwamba ni malighafi. Mwili wenye urefu wa milimita 70 unakuwa mita 6.1 katika skeli ya 1:87, na miili miwili ikiunganishwa inakuwa mita 12.2, urefu unaofaa kwa behewa funge refu la bogi mbili, yaani fremu mbili za magurudumu zinazogeuka chini yake. Upana wa milimita 32 unakuwa karibu mita 2.8, nao unakubalika. Kata karibu na kingo za milango, si katikati ya ubavu, ili mstari wa kiungo ujifiche nyuma ya chuma cha wima. Hakikisha kiungo cha sakafu, cha mbavu na cha paa havikutani mahali pamoja, na uweke ndani kipande kirefu cha plastiki cha milimita 1 kinachovuka viungo vyote. Kuta za mwisho mbili unazozihitaji utachagua zilizo bora kati ya nne. Bafa za pembeni zitoke zote, maana mabehewa yetu yaliungwa kwa kapulingi ya katikati, na ukiziacha hata mtoto aliyewahi kusimama Voi atakuuliza ni za nini. Mbavu zifunike kwa karatasi ya plastiki kama ilivyoelezwa hapo juu, kwa kuwa unachotafuta hapa ni chuma. Bogi za reli ya milimita 12 zinunue zikiwa tayari.

Vipimo visichukuliwe kwa kukumbuka. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana mabehewa na injini za zamani ambazo unaweza, kwa ruhusa, kuzipima kwa futi kamba na kuzipiga picha kutoka pande zote, pamoja na chini, ambako wapiga picha wengi hawainami. Amua pia kipindi. East African Railways and Harbours ilianza mwaka 1948, reli ikatenganishwa na bandari mwaka 1969, na shirika la pamoja likavunjika mwaka 1977. Maandishi ya ubavuni lazima yakubaliane na injini inayolivuta.

Nami naongeza maoni yangu: ukishahesabu gharama ya seti mbili ambazo umebakiza kwazo kuta za mwisho na paa tu, huenda ukaona ni nafuu kulijenga behewa lote kwa karatasi za plastiki. Seti ina faida kwa anayejenga la kwanza, kwa sababu pembe zake ni za mraba tayari. La pili na la tatu utaweza bila seti.

SWALI
Ndugu Mhariri, nimebadilisha mabehewa mawili kwa kuongeza karatasi za plastiki na uzito ndani. Baada ya miezi michache mbavu za moja zimeingia ndani, na la pili limepasuka kwenye pembe. Je, ni joto la Dar es Salaam? Na mbona vanishi yangu hubaki na ukungu mweupe?
— Msomaji, Dar es Salaam

JIBU
Joto linachangia, lakini silo chanzo. Behewa la kwanza limefungwa pande zote, na kiyeyushi kilichonaswa ndani kimeendelea kuilainisha plastiki. Toboa sakafu matundu mawili ya milimita 3 kabla ya kubandika paa, weka kipande cha plastiki kinachokingamana kati ya mbavu mbili, na uliache bila paa angalau wiki moja. Kwa hali ya hewa yako, mimina kiyeyushi kidogo tu kwenye kifuniko cha chupa, kwa sababu hugeuka mvuke haraka, na mjenzi anayeona kinakauka kabla ya kushika hukimbilia kuongeza, kisha kinazidi. Dirisha liwe wazi wakati wote.

La pili, nadhani ulitumia risasi na kuibandika kwa gundi nyeupe ya seremala. Gundi hiyo huathiri risasi taratibu, nayo huvimba na kupanuka hadi kupasua mwili. Ondoa yote, na weka mahali pake nati au vipande vya chuma vilivyobandikwa kwa gundi ya epoksi. Behewa la ekseli mbili la skeli ya 1:76 likifika gramu 50 kwa jumla linatosha. Wengi huongeza zaidi ya hapo wakidhani tatizo la kuacha reli ni wepesi, kumbe ni chesisi isiyokaa sawa. Liweke juu ya kioo ulitikise kwa kidole: likicheza kama meza yenye mguu mfupi, rekebisha ekseli kwanza.

Ukungu wa vanishi ni unyevu wa hewa. Usipulize alfajiri wala siku ya mvua. Subiri saa nne au tano asubuhi ya siku kavu, au tumia vanishi ya kupaka kwa brashi. Behewa lililokwisha kupata ukungu mara nyingi hupona likipulizwa tena koti jembamba la vanishi hiyohiyo siku ambayo hewa ni kavu. Lijaribu kwanza sakafuni upande wa chini.